Tone la Asali kwenye Kitanda Kipya

Ungemkuta Fundi katika soko la Siakago, jambo la kwanza ambalo ungeliona ni mikono yake. Vidole vilikuwa vimeingia rangi ya vanishi mpaka kwenye kucha, na hata Jumapili, akiwa amevaa koti lake la kanisani, mikono hiyo ilibaki ya Jumatatu. Hakuna aliyemwita kwa jina. Kwa watoto alikuwa Fundi, kwa pasta alikuwa Fundi, na mkewe, kabla hajafariki, alimwita Fundi mbele za watu. Nami nitamwita hivyo hivyo. Nilimjua miaka tisa, na katika miaka hiyo nilimtukana mara moja tu, hadharani, na kila neno nililolisema siku hiyo bado ninalo.

Alikuwa mtu wa maneno machache na hasira za karibu. Mteja akianza kubishana naye, alichukua randa akaranda ubao mpaka mteja achoke kupaza sauti. Ukimuuliza kiti chako kitakuwa tayari lini, alikujibu, "Ikikuwa tayari utaiona." Kanisani alikaa karibu na mlango, na mlango wenyewe aliuzuia kwa mguu usifungwe, hata miezi ile ya baridi ambapo akina mama wanajifunika leso mbili mbili na kumtazama kwa macho mabaya. "Hewa ni ya bure," alikuwa akisema. "Mnaifungia nje imewakosea nini?" Lakini mtu huyo huyo alilala ndani ya karakana yake, katikati ya mikebe ya vanishi na thina na gundi, dirisha likiwa limepigiliwa misumari kwa sababu ya wezi. Nilipomwuliza mbona, aliniambia wezi hawajui mambo ya hewa.

Alikuwa na desturi moja ambayo soko zima liliijua. Kabla hajamkabidhi mteja kitu, aliinama, akasogeza pua mpaka iguse mbao, akafumba macho, akavuta hewa polepole kama mama anayeonja mchuzi. Kisha alinyooka na kutoa hukumu. "Hainuki," alisema. "Hiyo ni upya tu." Wateja walipenda sana jambo hilo. Waliondoka na viti vyao wakijua vimepita mtihani.

Mimi ni karani katika ofisi ya serikali hapa Siakago. Nilizaliwa Kianjokoma, kwenye chai na ukungu, na nilipohamishiwa huku chini kwenye jua nililia wiki nzima, halafu nikazoea. Mume wangu alikuwa akifundisha upande wa Ishiara na kurudi nyumbani Ijumaa. Tulikuwa na mtoto mmoja, Mukami, mwenye miaka mitano wakati huo. Tulimpata baada ya kumngoja kwa muda mrefu, na sikuambiwa na daktari yeyote kwamba nitapata mwingine. Nasema hili mapema ili ueleweke moyo niliokuwa nao.

Tulipomaliza kujenga nyumba yetu ya mawe, nilitaka vitu vipya. Nilikuwa nimelala kwenye vitanda vya kuazima na kukalia viti vya watu kwa miaka mingi, na sasa nilitaka vya kwangu, tena vya kung'aa. Fundi alitaka kututengenezea kitanda cha mtoto na kabati kwa mti wa kawaida. Mimi ndiye niliyekataa. Nilitaka zile mbao za unga, unga wa mbao unaogandishwa kwa gundi kiwandani na kubandikwa karatasi laini juu. "Mama Mukami," aliniambia, "hizi ni za maonyesho." Nikamjibu basi anitengenezee za maonyesho.

Siku ya kuvichukua, harufu ilinipiga machoni. Nilipofungua mlango wa kabati, machozi yalinitoka.

"Fundi, hii si inanuka?"

Aliinama, akafumba macho, akavuta hewa. "Hainuki. Hiyo ni upya tu."

Nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini.

Sasa kosa letu, maana halikuwa lake peke yake. Akina mama wa kanisa walikuwa waje kuiombea nyumba baada ya Jumapili mbili. Mama mkwe wangu alikuja mapema kusaidia matayarisho, akakuta nimeanza kuvua nailoni iliyofunika viti vya sebuleni na godoro la Mukami. Alinishika mkono. "Wewe, hiyo nailoni iache! Watu wakuje waone ni mpya. Ukitoa sasa, watasema ni vya mitumba." Basi tukairudisha, tukaibana kwa utepe. Tukafunga na madirisha, kwa sababu vumbi la Siakago halingoji kukaribishwa. Mchana chumba cha Mukami kilifungwa kwa ufunguo asikichafue, na jioni alilala humo, ndani ya boksi la gundi tulilolipamba kwa mapazia ya maua.

Kikohozi kilianza siku ya nne. Siku ya saba alikuwa akiamka na macho mekundu, akikataa chai. Wiki ya pili niliona kitu ambacho sijakisahau mpaka leo: mtoto wangu amekaa kitandani, mabega yamepanda juu, na kila akivuta pumzi ngozi inazama katikati ya mbavu. Kliniki walitupa dawa ya maji. Ikaisha. Wakatupa nyingine. Mama mkwe akasema ni baridi, jirani akasema ni minyoo, na mimi nilikuwa nikisema chochote alichosema mtu wa mwisho.

Na harufu niliipiga vita kwa kila kitu nilichokijua. Niliweka mkaa kwenye masahani chini ya kitanda. Nilikata vitunguu nusu nusu nikavipanga ndani ya kabati, na kwa siku mbili nyumba ilinuka gundi na vitunguu. Nilichemsha majani ya mkaratusi. Nilimwaga kahawa. Nilinunua manukato ya kupuliza, nikapuliza mpaka kopo likaisha, na siku hiyo ndiyo Mukami alipozidiwa tukakimbia naye hospitali ya Embu. Daktari aliyempokea alikuwa kijana mpole. Alimwekea kinyago cha mvuke, akangoja kifua kitulie, kisha akaniuliza, "Nyumbani kuna kitu gani kipya?"

"Kila kitu, daktari," nikamjibu.

Tulirudi baada ya siku tatu. Nilimwacha mtoto kwa jirani, nikaenda moja kwa moja sokoni bila hata kubadilisha nguo. Fundi alikuwa akipiga msasa mguu wa meza. Nilimwita mwongo. Nilimwita muuaji. Nilimwambia pua yake ni ya kuuza bidhaa, haina kazi nyingine, na kwamba Mungu atamwuliza habari ya mtoto wangu. Wauza nyanya waliacha kupanga nyanya. Yeye hakuchukua randa safari hii. Alisimama tu, msasa mkononi, akasema kwa sauti ndogo, "Mimi sikusikia ikinuka." Nikamtemea mate karibu na viatu, nikaondoka. Mambo haya siyasemi kwa kujivunia.

Mchana huo huo alikuja nyumbani, kwa miguu, peke yake. Hakunisalimu. Alimwuliza Mukami, ambaye nilikuwa nimemchukua kwa jirani na kumkalisha nje barazani, "Msichana, wewe uko na pua?"

"Niko nayo," Mukami akasema.

"Basi nionyeshe mahali inanuka. Ukisikia inauma, toka mbio."

Nilitaka kumfukuza, lakini nilikuwa nimechoka hata kufukuza mtu. Alifungua mlango na madirisha yote, akangoja upepo upite kwa muda mrefu, ndipo akamruhusu mtoto kusimama kizingitini. Alitoa kila kitu nje kipande kimoja kimoja, na Mukami akasogea na kuonyesha kwa kidole. Nyuma ya kabati. Chini ya kitanda. Ndani ya droo, kwenye kingo. Kila mahali pasipokuwa na karatasi ya kung'aa, mahali ambapo ubao ulikuwa uchi. Fundi aliweka alama kwa penseli. Walipomaliza, ubao ulikuwa umejaa alama, naye akakaa kwenye ngazi akishika penseli kwa mikono miwili.

"Mama Mukami, mimi sisikii harufu."

"Tangu lini?"

"Tangu mama wa vijana wangu akiwa hai. Siku moja nilikuwa nimekaa jikoni, ugali ikaungua mbele yangu. Yeye ndiye alikuja mbio kutoka shamba. Ndiyo nikajua imeisha. Ni hii vanishi. Nimeipuliza miaka mingi na kitambaa tu kwa mdomo."

"Na pale sokoni huwa unanusa nini?"

"Fundi hana pua, nani atamletea kazi?"

Nilitamani kumpiga. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mtoto wangu alikuwa karibu kufa kwa ajili ya aibu ya mzee mmoja, na aibu ya mama mkwe, na maringo yangu mwenyewe, na sikujua nianze kumpiga nani.

Hakuwahi kuniomba msamaha, siku hiyo wala baadaye. Badala yake alifanya kazi. Alichana nailoni yote akaikunja akaenda nayo zake. Alivifungua vitu skrubu kwa skrubu na kuvitandaza uani juani, migongo juu. Alinieleza kwa lugha yake kwamba kitu kipya kina homa, na homa yake lazima itoke yote kabla hakijaingia kwa mtu. Nikamwuliza inakuwaje aipoze homa kwa jua la Siakago. "Homa hutoka kwa jasho," akanijibu. "Huko kwenu Kianjokoma na hiyo baridi, hii ingekaa mwaka." Jioni alivifunika kwa shuka la pamba, si kwa nailoni, asubuhi akaja kuvifunua kabla ya kufungua karakana. Zile kingo zilizokuwa uchi, baada ya jua kuzifanyia kazi, alizipaka nta ya nyuki iliyoyeyushwa, akisugua kwa kitambaa mpaka ikazama. Hiyo aliijua tangu ujana wake, maana alikuwa mchonga mizinga ya nyuki kabla hajawa fundi wa viti, kama wazee wengi wa huku Mbeere. Mzinga mpya, aliniambia, hauning'inizwi hivi hivi. Unafukizwa moshi, unapakwa nta, ndipo nyuki wanaukubali. Mzinga wenye harufu ngeni utaning'inia mpaka uoze.

Na hapo ndipo alipopata pua nyingine. Wiki ya tatu alikuja na kichupa cha asali. Akadondosha tone moja juu ya ubao wa kitanda, tone jingine juu ya jiwe pale karibu, akakaa mbali kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nyuki walikuja, kwa maana huku chini asali haikai wazi bila wageni. Kwenye jiwe walitua. Kwenye kitanda walizunguka, wakashuka, wakapanda, wakaenda zao. "Bado," akasema Fundi, akaondoka. Wiki iliyofuata ilikuwa hivyo hivyo. Bado. Sijui kama kuna mtu mwenye elimu atakayekubali kipimo hicho. Mimi nilikuwa nimemwamini binadamu aliyejifanya ana pua nikaona matokeo yake.

Akina mama wa kanisa, waliokuwa wameahirisha kwa ajili ya ugonjwa wa mtoto, walifika siku yao mpya wakakuta nyumba tupu na vitu vyote viko uani kama watu waliofukuzwa na mwenye nyumba. Mama mkwe alijifungia jikoni kwa aibu. Mmoja aliniuliza kwa upole kama tumepatwa na kunguni. Tuliombea sebule ambamo sauti ilikuwa inarudi kutoka ukutani, tukanywa chai tumesimama. Mukami alikuwa amelala chumba changu, kwenye mkeka, madirisha wazi pande zote mbili. Nilisikia kifua chake kikipiga mluzi katikati ya wimbo, nikaacha kuimba. Niliomba peke yangu, bila maneno mazuri. Nilimwambia Mungu achukue nyumba.

Alizidiwa mara moja tena baada ya hapo, tukakaa Embu siku mbili, na Fundi akawa wa kwanza kufika wodini. Alisimama mlangoni, akiuzuia kwa mguu usifungwe, mpaka nesi akamgombeza. Nyumbani tulikuta amefagia ua.

Ilikuwa wiki ya saba nyuki walipotua kwenye kitanda. Watatu, halafu wengi. Fundi hakushangilia. Alimwita Mukami, kwa umbali, akamwambia angoje nyuki wamalize ndipo anuse. Mukami akainama kama alivyokuwa akiinama yeye, akafumba macho. "Hainuki," akasema.

"Una hakika?"

"Sasa inaweza kuingia."

Mukami hakurudi kuwa vile alivyokuwa. Mpaka leo anabeba inhela, ile dawa ya kuvuta kwa mdomo, kwenye begi la shule, na siku za vumbi namsikiliza nikiwa chumba cha pili. Lakini anapumua, na wakati ule sikuwa naomba zaidi ya hapo.

Fundi naye alibadilika nusu, na nusu iliyobaki ilikuwa ikinikera. Kitanda cha mtoto hakukitengeneza tena kwa mbao za unga, hata mteja angelia. Alimwambia mwanamke mmoja mjamzito aende akanunue kwingine. Lakini kabati za maduka na meza za ofisi aliendelea kuzitengeneza, kwa kuwa ndizo watu walizozitaka, na kitambaa kilibaki kile kile mdomoni. Nilimnunulia kinyago cha kiwandani. Alikitundika ukutani kwenye msumari. Kunusa mbele ya wateja aliacha, akawa anawaambia waziwazi, "Mimi sina pua, nusa mwenyewe." Kazi ilipungua kidogo kisha ikarudi. Ile aibu aliyoificha miaka yote haikuwa na ukubwa aliofikiri. Kila Jumamosi alipita nyumbani na kipande cha sega la asali kwa ajili ya Mukami, akakiacha dirishani, akaenda.

Halafu kifua chake mwenyewe kikaanza. Kwanza aliacha kusukuma mkokoteni. Kisha aliacha randa. Mwishowe wanawe wawili, wanaofanya kazi Nairobi, walikuja wakafunga karakana na kumpeleka nyumbani kwao, mwendo wa saa moja kutoka mjini. Niliposikia amelala chini, nilichukua ruhusa ofisini nikaenda kumwona mchana.

Wanawe wote wawili walikuwepo, vijana wenye adabu, wamevaa vizuri. Walinipokea kwa furaha, wakasema baba yao sasa anatunzwa, wamemletea kitanda kipya. Mlango ulipofunguliwa, harufu ilinishika koo kabla sijaona kitu. Kitanda kilikuwa kikubwa, cha mbao za unga, ubao wa kichwani umejazwa sponji na kushonwa vifungo vya dhahabu. Godoro lilikuwa bado ndani ya nailoni, shuka limetandikwa juu yake. Dirisha lilikuwa limefungwa mgonjwa asipigwe na upepo. Na katikati ya yote hayo alilala Fundi, mabega juu, ngozi ya shingo ikizama kila akivuta pumzi. Nilikuwa nimeiona ngozi ikizama hivyo.

"Mama Mukami," akasema. Ilimchukua pumzi mbili. "Wewe uko na pua. Niambie. Inanuka?"

Kijana mkubwa akacheka kwa upole. "Ah, baba. Hiyo ni upya tu, mama. Itaisha."

Nilimtazama yule kijana. Alikuwa amekinunua kwa upendo, amekibeba juu ya gari kutoka Nairobi, na majirani walikuwa wamekuja kukiona. Nilijua aibu nitakayomtia. Nikamtazama baba yake, nikaona ananingoja kama nilivyomngoja yeye siku ile mbele ya kabati.

"Inanuka, Fundi," nikasema. "Inanuka sana."

Alifumba macho. Nilidhani nimemuumiza, kumbe alikuwa anacheka, na kicheko kikageuka kikohozi kirefu ambacho sote watatu tulikisikiliza tukiwa tumesimama. Kikapita. "Wakitoe," akasema. "Waniletee kile changu."

Chake kilikuwa kwenye banda la mbuzi, kitanda cha mti mtupu alichokichonga mwenyewe alipooa. Kijana mdogo alikipangusa huku akilia bila kuficha. Tulimhamisha baba yao, tukafungua dirisha, tukachana nailoni, tukabeba kile kipya mpaka uani na kukifungua skrubu kwa skrubu. Mwanawe mkubwa aliniuliza kitakaa juani mpaka lini. Nikamwambia habari ya asali. Alinitazama kama mtu anayeambiwa na mgeni siri ya baba yake mwenyewe, maana ndivyo ilivyokuwa.

Nilipoaga, Fundi alikuwa anapumua afadhali kidogo, au nilitaka iwe hivyo. "Mukami?" akauliza.

"Yuko shule. Ameshinda wenzake mbio juzi."

"Mbio?"

"Mbio, Fundi. Fupi, lakini mbio."

Alinishika mkono kwa ile mikono ya vanishi.

Aliishi wiki nne. Nilikwenda matangani na Mukami, sasa msichana mkubwa, inhela mfukoni. Viti havikutosha, kwa hivyo walikuwa wamekiunganisha tena kile kitanda pale pale uani na kuwakalisha akina mama juu yake. Mtu alimwaga chai yenye sukari nyingi kwenye ubao wa pembeni. Tukiwa katikati ya sala, akina mama wakaanza kuinuka mmoja mmoja wakipunga leso. Nyuki walikuwa wametua pale palipomwagika chai, wametulia, wanakunywa. Yule mwana mkubwa akaja haraka na tawi la majani kuwafukuza.

"Waache," nikamwambia.

Alisimama, tawi juu. Akatazama nyuki, akatazama kitanda, akakumbuka.

"Kwa hivyo sasa kinaweza kuingia ndani?" akauliza.

"Sasa kinaweza," Mukami akamjibu kabla yangu.

Kijana akabaki amesimama hapo na tawi lake, akitazama mlango wa chumba cha baba yake.